Marashi ya maua ya mdanzi: mwongozo kamili wa kuyatengeneza na kuyafuata yanavyofunguka

Chukua ua moja la mdanzi lililofunguka asubuhi hiyo, sugua petali yake kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha unuse mara tatu: papo hapo, baada ya robo saa, na baada ya saa nzima. Mara ya kwanza utapata ukali wa ganda la chungwa na ubichi wa jani. Mara ya pili utamu wa ua lenyewe, wenye asali ndani yake. Mara ya tatu petali imeshageuka kahawia, na kidoleni kumebaki harufu nzito inayokaribiana na vile vidonge vya nondo vinavyowekwa kabatini. Zote tatu ni za ua moja. Kazi ya mtengenezaji ni kuzipanga zije kwa zamu, kila moja ipate muda wake, na ile ya tatu isiwatangulie wenzake.

Marashi mengi ya aina hii yanayotengenezwa nyumbani hukwama mahali pamoja. Mtu hununua kichupa cha neroli, yaani mafuta ya ua la mdanzi, cha bei kali, akakizimua kwa spiriti, akajipulizia, na baada ya nusu saa hasikii kitu. Neroli haina kosa. Ua la mdanzi likiachwa peke yake halikai; linataka mti wake: ganda mbele, jani pembeni, na chini kitu kizito cha kulishikilia. Hapa tunaujenga mti huo kwa gramu.

Mti mmoja, mafuta manne

Mdanzi, Citrus aurantium kwa jina la kisayansi, ni mti wa machungwa machungu. Tunda lake ndilo danzi. Ile inayolimwa kwa ajili ya manukato iko zaidi Afrika Kaskazini na kandokando ya Mediterania: Nabeul nchini Tunisia, Morocco, Misri, na kusini mwa Ufaransa karibu na Vallauris na Grasse. Huchanua majira ya kuchipua, kati ya Machi na Mei kutegemea mahali, na maua huchumwa kwa mkono.

Ganda la danzi hukamuliwa bila moto na kutoa mafuta makali machungu. Majani na vijiti hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, na mafuta yake ni petigreni, ambayo kwenye chupa huandikwa petitgrain. Maua yakikenekwa kwa mvuke hutoa neroli, na maji yanayobaki chini ya mafuta hayo ndiyo maji ya maua ya mdanzi, yale ambayo watu wa Tunisia na Morocco hutia kwenye vitamutamu na kahawa. Maua hayohayo yakilowekwa katika kiyeyushi hutoa nta yenye harufu, nayo ikisafishwa kwa alkoholi hupatikana absoluti: kitu kizito, cha rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea kahawia.

Jina la neroli linatokana na Nerola, mji mdogo karibu na Roma. Mke wa mtawala wake wa karne ya 17 ndiye anayesifiwa kwa kuieneza harufu hiyo. Bei yake haitokani na jina. Tani nzima ya maua hutoa karibu kilo moja tu ya mafuta.

Kati ya neroli na absoluti kuna tofauti ambayo lazima uielewe kabla ya kupima chochote. Mvuke hubeba vilivyo vyepesi, na vinavyopenda maji huviacha majini. Kwa hiyo neroli ni angavu, ya kijani, yenye usafi wa sabuni nzuri. Kiyeyushi hakichagui hivyo. Absoluti hubeba asali, uzito, na ile harufu ya kidole cha saa nzima. Neroli ni ua likiwa mtini asubuhi, absoluti ni ua likiwa mkononi jioni. Kichocheo, yaani orodha ya viungo na vipimo vyake, kinachotumia moja tu kati ya hizo kitakupa nusu ya ua.

Kununua bila kudanganywa

Neroli huchakachuliwa sana, na mchakachuo wa kawaida ni petigreni, kwa kuwa ni ya mti uleule na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa. Mwombe muuzaji cheti cha uchambuzi wa maabara, kisha tazama mistari miwili tu, ya kemikali mbili za harufu: linalooli na asetati ya linalili. Katika neroli halisi linalooli huongoza, kwa kawaida theluthi moja au zaidi, na asetati ya linalili huwa chini yake sana. Katika petigreni mambo hugeuka: asetati ya linalili hukaribia nusu ya mafuta yote. Ukikuta asetati imeipita linalooli, umeuziwa majani kwa bei ya maua.

Kama cheti hakuna, tumia karatasi. Tia tone moja kwenye kipande chembamba cha karatasi nyeupe isiyo na harufu, tone moja la petigreni kwenye kingine, andika saa, na unuse baada ya dakika 5, nusu saa na saa 3. Petigreni huishia kwenye mti mkavu na jani chungu. Neroli huishia kwenye utamu hafifu wa ua. Vikiishia mahali pamoja, rudisha chupa.

Wapo wanaomulika neroli kwa kurunzi ya kukagulia noti na kufurahi wakiona mwanga wa buluu. Mwanga huo ni wa anthranilati ya methili, kiungo kidogo sana kiuzani lakini chenye sauti kubwa katika harufu ya ua la mdanzi. Tatizo ni kwamba kiungo hicho hutengenezwa maabara na ni rahisi, hivyo mchakachuaji anaweza kukitia mwenyewe. Ukikosa mwanga, shaka. Ukiuona, bado hujathibitisha kitu.

Kuhusu bergamoti, yaani mafuta ya ganda la tunda la jamii ya chungwa, nunua ile iliyoondolewa kemikali ya bergapteni, na hili halina mjadala. Bergapteni ikikaa kwenye ngozi inayopigwa na jua huunguza na kuacha madoa meusi ya miezi mingi. Kanuni za IFRA, shirika la kimataifa la watengenezaji wa manukato, zinaruhusu bergamoti ya kawaida isizidi 0.4% kwenye kitu kinachobaki ngozini. Kichocheo hiki kina 2.4%. Kwa sababu hiyohiyo hatutumii ganda la danzi lenyewe, ambalo kikomo chake ni 1.25%, bali ganda la chungwa tamu, lisilo na shida hiyo. Kwa watu wanaotembea juani mwaka mzima, kama wa Mombasa, Tanga au Muscat, hapa ndipo mahali pa kuwa mkali kuliko pote.

Vifaa na spiriti

Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01, bika moja ndogo ya kioo ya ml 50, pipeti za plastiki (moja kwa kila kiungo, usizichanganye), chupa ya kioo cha kahawia ya ml 30 yenye kifuniko cha kubana, chupa ya pili ya kupulizia, karatasi za kuchujia kahawa, na vipande vya karatasi vya kunusia.

Usipime kwa matone. Tone la bergamoti ni jepesi, tone la benzoini ni zito na linanata, na pipeti mbili hazitoi tone sawa. Kichocheo cha matone huwezi kukirudia mara ya pili, na ukipata harufu nzuri utaipoteza.

Spiriti iwe ya 95% au zaidi, isiyo na rangi wala harufu yake, ile inayouzwa kwa kazi ya manukato. Spiriti ya kuwashia jiko ina methanoli na rangi. Ni sumu, isifike ngozini. Ile ya kusafishia mikono ya 70% ina maji mengi, na mafuta ya machungwa hayakai kwenye maji: mchanganyiko utageuka maziwa mbele ya macho yako. Fanya kazi mbali na jiko, mshumaa na chetezo, madirisha yakiwa wazi.

Kichocheo: gramu 4 za kiini

Kiini ni mchanganyiko wa viungo kabla ya spiriti. Hizi gramu 4 zikiongezwa spiriti gramu 21 zinatoa gramu 25, karibu ml 30, zenye kiini cha 16%.

- Neroli: 1.00
- Bergamoti isiyo na bergapteni: 0.60
- Petigreni: 0.40
- Chungwa tamu: 0.20
- Hedione: 0.60
- Absoluti ya ua la mdanzi: 0.25
- Absoluti ya asumini: 0.10
- Anthranilati ya methili, iliyozimuliwa hadi 10%: 0.10
- Brasilati ya etilini, ambayo ni miski ya maabara: 0.35
- Benzoini iliyozimuliwa hadi 50%: 0.25
- Mwerezi: 0.15

Hedione ni jina la kibiashara la dihidrojasmonati ya methili. Ikinuswa peke yake ni hafifu mno, karibu hewa yenye limau kwa mbali, na wanaoanza huiona haina kazi. Kazi yake ni kuweka nafasi kati ya maua mazito ili yapumue. Iondoe na absoluti mbili zitalaliana.

Asumini hapa ni msaidizi. Ina indoli, kemikali ya ile harufu nzito ya kidole cha saa nzima, kama ua la mdanzi lilivyo nayo, kwa hiyo inaongeza mwili bila kuleta ua geni. Ikizidi 0.10 marashi yanageuka ya asumini, na kwa pua ya mtu wa pwani, iliyokulia kwenye vikuba, itaimeza kila kitu.

Benzoini ni utomvu mtamu wa mashariki ya mbali. Jina lake lilianzia kwenye Kiarabu, lubani jawi, yaani ubani wa Java. Ndio unaoshika utamu wa mwisho. Watu wengi wangependa kuweka msandali mahali pa mwerezi. Inawezekana, ila uwe na uhakika wa ulikotoka: msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, umevunwa kwa magendo hadi kung'olewa mizizi, na tangu 2013 uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara yake. Mafuta yasiyo na karatasi usiyanunue. Mwerezi unatosha.

Kuchanganya

Kwanza andaa anthranilati ya methili: gramu 0.50 ndani ya spiriti gramu 4.50. Huganda ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo ukikuta chupa ina mawe meupe haijaharibika. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu hadi iyeyuke yote ndipo upime. Sababu ya kuizimua ni mizani yako. Tunachohitaji ni gramu 0.01 ya kitu chenyewe, na mizani inayosoma 0.01 haiwezi kupima 0.01 kwa uaminifu. Kwa mizani hiyo chukua 0.10 kama sakafu.

Ziweke chupa za absoluti na benzoini, zikiwa zimefungwa, kwenye bakuli la maji ya nyuzi 40 kwa dakika 5. Zikiwa baridi hazitoki kwenye pipeti, na kinachotoka hakilingani na kilichobaki.

Weka bika kwenye mizani, isome sifuri. Anza na vizito: miski, mwerezi, benzoini. Fuata absoluti mbili, Hedione, anthranilati. Malizia na neroli, petigreni, bergamoti na chungwa. Vyepesi huwekwa mwisho kwa sababu vinapaa wakati wewe bado unahangaika na pipeti ya benzoini. Baada ya kila kiungo rudisha mizani kwenye sifuri, na andika uzito uliosoma, si ule uliokusudia.

Umezidisha? Usijaribu kuvuta tena kwa pipeti. Utavuta na vingine. Kama umezidisha kwa sehemu ndogo, andika na uendelee. Kama umetia neroli 1.20 badala ya 1.00, ongeza kila kiungo kwa moja ya tano, na spiriti vivyo hivyo.

Koroga taratibu kwa kijiti cha kioo kwa dakika moja, mimina kwenye chupa ya kahawia na ufunge. Kiache kiini mahali penye giza kwa siku 7. Siku ya kwanza kitanuka vipande vipande: hapa chungwa, pale sabuni, chini utomvu. Kufikia siku ya tano au ya sita vipande vinashikana. Ukionja na kurekebisha siku ya kwanza, unarekebisha kitu ambacho hakijawa.

Siku ya nane tia spiriti gramu 21, funga, geuza chupa juu chini mara kumi. Rudia kugeuza mara moja kwa siku katika wiki ya kwanza, kisha iache itulie wiki 3 zaidi. Mwisho wa wiki ya nne iweke kwenye friji, imefungwa kabisa, kwa saa 24 hadi 48. Nta ya absoluti itashuka chini kama vumbi la manjano au wingu jembamba. Chuja ikiwa ingali baridi. Ukisubiri ipate joto, nta inayeyuka tena na kupita kwenye karatasi, halafu inakuja kuziba kipulizio mwezi unaofuata.

Kabla ya kujipulizia, pakaza kidogo ndani ya kiwiko na usubiri saa 24. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, marashi haya si yako, hata kama kila kiungo ni cha asili. Ndimu nayo ni ya asili.

Saa hadi saa: jinsi harufu inavyofunguka

Pulizia mara moja kwenye karatasi na mara moja kwenye mkono safi usio na losheni yenye harufu. Andika saa. Usinuse kwa sekunde 30 za mwanzo. Hapo ni spiriti tu, na itaichosha pua kabla ya kazi.

Dakika 10 za kwanza ni za ganda. Limonini ya chungwa na bergamoti inaruka, na nyuma yake linalooli, laini kama sabuni mpya iliyotolewa kwenye karatasi yake. Limonini huchemka kwa nyuzi 176 hivi, linalooli 198, asetati ya linalili 220, anthranilati ya methili 256, na nerolidoli, kiungo kizito cha neroli, 276. Namba hizo si ratiba, kwa maana ngozi haichemki, lakini mpangilio wa kuondoka ni uleule. Ona pia kwamba uzito wa molekuli peke yake hauelezi yote: anthranilati ni nyepesi kuliko asetati ya linalili, lakini hukaa zaidi kwa sababu inashikana na jirani zake.

Kati ya dakika 10 na 40 petigreni inachukua nafasi. Hapa ndipo mti unaposimama: uchungu wa jani lililovunjwa, kijiti kibichi, na neroli ikiwa juu yake, angavu. Wasiojua husema ua bado halijafika. Limefika, limezungukwa na majani yake, kama lilivyo shambani. Marashi yanayoruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye utamu hunuka peremende.

Kuanzia dakika ya 40 hadi saa ya tatu ndipo ua linapokuwa ua. Majani yanarudi nyuma, absoluti inapata joto la ngozi, na anthranilati inatoa kile kitu cha zabibu, utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi kidogo. Indoli ipo chini kabisa. Ukiitafuta utaipata, ukiacha kuitafuta inakuwa kina. Linganisha sasa mkono na karatasi. Karatasini ua ni safi na la mbali. Mkononi ni nene, la uvuguvugu, na lina chumvi ya ngozi ndani yake. Pumua kwa kawaida, usivute kwa nguvu, na kati ya kunusa na kunusa pumzisha pua dakika 2 kwa hewa ya nje. Kahawa haina msaada wowote wa pekee.

Saa ya tatu hadi ya saba ni ya miski, benzoini na mwerezi. Ua halijaondoka lote. Limebaki kama kivuli cha asali juu ya kitu laini, kama kanga iliyokaa sandukuni na maua. Usishtuke ukidhani yamekwisha ilhali mtu aliye karibu nawe anayasikia. Pua huzoea, na kuna watu ambao hawasikii kabisa baadhi ya miski. Muulize mwingine kabla ya kuongeza.

Karatasini, kipande cha marashi haya bado kitakuwa na neno la kusema kesho yake asubuhi. Kinuse: ndicho kipimo cha kweli cha sehemu ya chini uliyoijenga. Kikinuka utamu mkavu wenye ua kidogo, kazi ni nzuri. Kikinuka utomvu peke yake, punguza benzoini.

Joto hubadili ratiba yote. Dar es Salaam mchana wa Februari, ganda na jani hukimbia na ua hufika mapema, zito. Nairobi asubuhi ya Julai, petigreni hujivuta na ua huchelewa. Anayeishi kwenye joto na unyevu apulizie mara mbili tu, kifuani chini ya nguo na nyuma ya shingo. Mikono huoshwa mara nyingi mno. Nguo hushika harufu kuliko ngozi, lakini absoluti ina rangi, na kanzu nyeupe itapata doa la manjano lisilotoka. Pulizia upande wa ndani wa pindo, au ngoja ngozi ikauke ndipo uvae.

Yakienda kombo

Yamekuwa na ukungu na hayang'ai hata baada ya kuchujwa: spiriti ina maji. Ongeza spiriti ya 95% au zaidi kidogo kidogo, gramu 0.5 kwa mara, hadi yang'ae. Harufu itapungua nguvu kidogo, haitaharibika.

Yananuka sabuni tu, mwanzo hadi mwisho: neroli imezidi absoluti, au absoluti ni ya zamani. Tengeneza kiini kipya chenye neroli 0.80 na absoluti 0.45. Kuongeza absoluti moja kwa moja kwenye marashi yaliyokwisha chujwa kutaleta nta tena.

Yananuka pipi ya zabibu: anthranilati. Karibu kila mara ni kwa sababu mtu aliitia bila kuizimua. Hakuna kiungo cha kuifunika. Gawa marashi mara mbili na ujaze nusu iliyopungua kwa marashi mapya yasiyo nayo.

Rangi imekolea kutoka manjano hadi chungwa. Anthranilati hushikana na aldehidi, kundi la kemikali za harufu zilizomo kwenye mafuta mengine, na kuunda kitu chenye rangi na utamu mzito. Kwa kichocheo hiki mabadiliko ni madogo. Ukiamua kuongeza aldehidi yoyote, kwa mfano hidroksisitronelali ambayo hupendwa sana kwenye maua meupe, tarajia rangi kukolea sana na harufu kuhama kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia.

Mwanzo ni mkali kama rangi ya kupaka ukuta: chungwa au bergamoti imeoza kwa hewa. Mafuta ya machungwa ndiyo ya kwanza kuharibika. Yaweke kwenye friji katika chupa iliyojaa hadi shingoni, na baada ya mwaka yanuse kabla ya kuyaamini.

Kwa wasiotumia spiriti

Pwani yetu na Oman mafuta ya kupaka yana heshima kuliko marashi ya kupulizia, na ua la mdanzi linakubali njia hiyo, kwa mabadiliko mawili. Benzoini haiyeyuki vizuri kwenye mafuta. Hushuka chini kama gundi. Iondoe na upandishe miski hadi 0.60. Anthranilati izimue kwa jojoba, mafuta ya mbegu, badala ya spiriti. Kiini kikishatulia siku 7, chukua gramu 1.30 utie kwenye jojoba gramu 7.30: hapo una ml 10, chupa moja ya kupaka yenye kigololi. Gramu 4 zinatosha chupa tatu.

Mafuta ya nazi ya kawaida hayafai. Yana harufu yake, na huganda usiku wa baridi. Wala usiloweke maua mabichi kwenye mafuta ukitarajia neroli; maji yaliyomo kwenye petali huleta ukungu ndani ya siku chache, na linalobaki hunuka mboga.

Katika mafuta ufunguzi ni wa pole. Ganda halirukii pua, jani linakuwa laini, na ua huanza karibu na robo saa na kukaa chini, karibu na ngozi. Atakayelisikia ni aliyekukaribia.

Ukiwa na maua yenyewe

Mwenye mdanzi uani hawezi kupata neroli ya maana, maana gramu 300 za maua zina matone machache tu ya mafuta, lakini maji ya maua anaweza. Mchungwa mtamu, kama ile inayojaa Muheza, nao hutoa maji mazuri ingawa mepesi zaidi. Hakikisha mti haujapuliziwa dawa ya wadudu katika msimu huo.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Chukua yaliyofunguka na yanayokaribia, acha yaliyogeuka kahawia. Tia gramu 300 kwenye sufuria kubwa yenye maji lita 1.2, weka tofali dogo safi katikati na bakuli juu yake. Funika kwa mfuniko uliopinduliwa, mpini ukitazama ndani juu ya bakuli, na juu ya mfuniko weka barafu. Moto mdogo kabisa: maji yacheze, yasichemke kwa fujo. Badilisha barafu ikiyeyuka. Kusanya ml 300, basi. Ukiendelea utapata maji ya maua yaliyopikwa, na hayo huharibu yote yaliyotangulia.

Maji mapya hunuka mvuke na kidogo kabichi. Yafunge kwenye chupa iliyochemshwa, uyaweke kwenye friji, uyafungue baada ya wiki 2. Hapo ua limejitokeza. Yatie kwenye mrashi, kwenye maji ya kuogea, au kijiko kimoja cha chai kwenye kilo ya sukari ya kashata. Usiyatumie kuzimua marashi ya spiriti. Nyuzi nyeupe zikionekana zinaelea ndani, yamwage yote na chupa uichemshe upya.